Kitenzi Ndani ya Jina: Kinyozi, Msusi na Hoja ya Kumtafutia Mtengeneza Nywele Jina Moja

Kiswahili kina majina mawili makongwe ya watu wanaoishi kwa kazi ya nywele, kinyozi na msusi, na kila moja limezaliwa na kitenzi chake. Anyoaye ni kinyozi, asukaye ni msusi. Jina moja la kuwakusanya wote halijajitokeza lenyewe katika mazungumzo ya kila siku. Lakini mashirika yanalihitaji. Katika uainishaji wa kimataifa wa kazi unaosimamiwa na Shirika la Kazi Duniani, toleo la 2008, watu hawa wote wamo katika kundi moja lenye namba 5141, na wale wa vipodozi na urembo wakawekwa jirani yao, namba 5142. Anayeandika mtaala, cheti au fomu ya leseni kwa Kiswahili hukuta kisanduku kimoja mbele yake na maneno mawili mkononi, naye hukimbilia virai virefu vya aina ya mtaalamu wa utunzaji wa nywele au mtoa huduma za nywele. Ninadai katika makala haya kwamba kisanduku hicho hakithibitishi upungufu wowote wa lugha. Majina yetu yanataja tendo la mkono, na kwa sababu hiyo yanahifadhi taarifa ambayo jina la jumla huipoteza: ni ujuzi gani umenunuliwa, kwa kifaa gani, na kwa hatari ipi. Ubaguzi wa jinsia ambao wengi huuona ndani ya majina hayo umetoka katika mgawanyo wa kazi mijini. Katika maneno yenyewe haumo.

Tuanze na umbo. Kiswahili hutumia njia mbili kuu kumtaja mtenda kutokana na kitenzi. Ya kale huweka irabu -i mwishoni, na konsonanti inayoitangulia mara nyingi hubadilika: pika hutoa mpishi, andika hutoa mwandishi, linda hutoa mlinzi. Suka imepita humo ikatoa msusi. Vitenzi kama okoa, komboa na lea, ambavyo leo huishia kwa irabu mbili, zamani vilikuwa na konsonanti katikati. Imepotea katika kitenzi, lakini mbele ya -i huibuka kama z, ndiyo maana tuna mwokozi, mkombozi na mlezi, na kinyozi ni wa ukoo huohuo. Njia ya pili ni ya -aji, ambayo mzungumzaji yeyote anaweza kuitumia papo hapo: msukaji, mnyoaji. Kitenzi kimoja kikiwa na majina yote mawili, lile la -i huelekea kutaja kazi inayotambuliwa na watu, na la -aji kutaja mazoea. Mpishi ameajiriwa jikoni. Shangazi anayesifiwa kwa pilau lake ni mpikaji mzuri hata kama hajawahi kulipwa senti. Kanuni hii ina mianya, kwa kuwa mwimbaji na mchezaji ni watu wa kazi kamili, lakini katika uwanja wa nywele inasimama vizuri. Dada anayemsuka mdogo wake barazani jioni anasuka. Msusi ni yule ambaye watu humfuata, humngoja zamu na kumlipa. Kamusi ya Johnson ya 1939 inayo majina ya kinyozi na msusi, Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya 1981 inayo pia, na hakuna lililohitaji kuundwa na kamati.

Kiambishi ki- cha kinyozi kimewafanya baadhi ya watu wadhani kwamba jina linamdunisha mwenyewe, kwani ki- hudunisha katika kijitu na kijumba. Dhana hiyo haisimami. Ki- hiyohiyo imo katika kiongozi, na hakuna anayesikia dharau humo. Upatanisho wa kisarufi nao unamtambua kinyozi kuwa mtu kamili: kinyozi wangu amefika, vinyozi wale wamefunga mapema. 

Kitenzi suka kina eneo pana. Ukili husukwa ukashonwa mkeka, kamba husukwa, maziwa husukwa hadi siagi ijitenge, na watu wabaya husuka njama. Jina la kazi yenyewe, ususi, hufundishwa shuleni pamoja na ufinyanzi na uchongaji miongoni mwa kazi za mikono. Kwa hiyo anayemwita mtu msusi amemweka tayari katika safu ya mafundi wa vikapu na mikeka, na kwa haki, maana vidole vinafanya jambo lilelile. Mtazame akianza kichwa cha twende kilioni, ule mtindo wa mistari inayolala kuelekea kisogoni. Kwanza huchana hadi mafundo yaachie, hupaka mafuta, kisha kwa mkia wa kitana huchora njia iliyonyooka kutoka kwenye paji la uso hadi shingoni na kuzibana pembeni nywele ambazo zamu yake haijafika. Huanza na nywele chache mno mzizini, na kila vidole vinapopishana huokota nyingine kutoka ngozini na kuziingiza katika msuko, ili unene ukue taratibu na mstari usipinde. Akivuta mno, ngozi ya panja hupanda na mteja halali usiku. Akilegeza, msuko hufumuka kabla ya wiki kwisha. Kwa rasta za nywele za bandia kuna hatua moja zaidi, ya kuchovya ncha katika maji ya moto ili zisiachie. Siku ya kuondoa mtindo nywele hufumuliwa, kwa kitenzi kilekile kinachotumika kwa mshono. Msamiati mzima, kusuka, msuko, ususi, kufumua, unashikamana kwa sababu kazi yenyewe imeshikamana, na neno msusi ndilo linaloubeba wote.

Kwa kinyozi kuna pingamizi linalostahili jibu la makini. Wapo wanaosema kwamba kunyoa ni kuondoa nywele kwa wembe, na kwa kuwa mafundi wa leo wanapunguza, wanachonga na kutengeneza mitindo, jina la kinyozi limepitwa na wakati. Hoja hii inasahau jinsi vitenzi vinavyoishi. Methali isemayo mwenzako akinyolewa zako tia maji imehifadhi ufundi wa zamani, ambapo kichwa kililoweshwa kwanza ili wembe uteleze. Mashine ya umeme inataka kinyume chake, nywele kavu, kwa sababu zilizolowa hugandamana na kuziba meno yake. Ufundi umegeuka kabisa na kitenzi kimebaki palepale, wala hakuna mteja anayechanganyikiwa anapoambiwa kwamba kinyozi wake hutumia mashine namba mbili. Isitoshe, maana ya kuondoa nywele zote haijawahi kuwa mpaka wa kazi hii. Kukata denge, yaani kunyoa pembeni na kuacha nywele juu, ni mtindo wa siku nyingi, na aliyeukata alipaswa kuamua mstari upite wapi, jambo ambalo ndilo hasa linaloitwa leo kutengeneza mtindo. Katika ibada ya Hija waumini wa kiume huruhusiwa kunyoa au kupunguza, na Waislamu wanaozungumza Kiswahili wanatofautisha vitendo hivyo viwili bila kuhitaji watu wawili wa kuvifanya. Mteja anayeketi na kusema punguza tu, halafu chonga ndevu, anazungumza na kinyozi. Jina limeshapanuka kupitia vinywa vya watu, nasi hatuna sababu ya kulirudisha nyuma.

Kuna ushahidi mwingine wa uimara wa majina haya, nao unapatikana tukiyaweka kando ya majina ya kazi nyingine za mijini pwani. Mfua nguo kwa malipo ni dobi na mfua dhahabu ni sonara, yote kutoka India. Mbeba mizigo ni hamali na anayetibu wagonjwa ni tabibu, kutoka Kiarabu. Lugha hizo zina majina yao ya kinyozi pia: Kiarabu kina hallaq, lugha za India kaskazini zina hajam. Milango ilikuwa wazi karne nyingi, lakini kinyozi na msusi hawakupisha. Maelezo ninayoyaona yana nguvu ni kwamba kichwa kilikuwa jambo la nyumbani kabla hakijawa biashara. Mtoto hunyolewa siku ya akika, wafiwa katika jamii nyingi hunyoa wanapomaliza matanga, na vijana hunyolewa katika jando. Kusuka nako kulikuwa mikononi mwa mama, dada na shoga. Neno la kigeni huingia kwa urahisi pale kazi inapoingia na mgeni. Kunyoa na kusuka hakukuletwa na mtu, na biashara ilipokuja ilikuta vitenzi vimeshazoeleka katika kila ua. Methali ya kinyozi hajinyoi inatoka katika ulimwengu huo, ambamo hata mwenye wembe humhitaji mwenzake amshikie kichwa.

Pingamizi zito zaidi linahusu jinsia. Inasemwa kwamba kinyozi maana yake ni mwanamume wa wanaume na msusi ni mwanamke wa wanawake, na kwamba kuyashikilia majina haya ni kuendeleza kuta ambazo kazi yenyewe imeanza kuzibomoa. Anayesema hivyo ameona jambo la kweli mijini, lakini amelibandika mahali pasipo pake. Viambishi vya Kiswahili havitaji jinsia ya mtu, na mfano wa Wamasai unaonyesha jinsi vitendo hivi vinavyoweza kugawanywa kwa namna tofauti kabisa. Kwao, wanaofuga nywele ndefu na kuzisuka nyuzi nyembamba zilizopakwa mafuta na udongo mwekundu ni morani, nao husukana wenyewe kwa wenyewe. Inapofika sherehe ya eunoto, morani anapoaga ujana wa vita, nywele hizo hunyolewa, na anayezinyoa ni mama yake. Mwanamume asuka, mwanamke anyoa. Vijana wa Kimasai walipokwenda Dar es Salaam kutafuta riziki, wengi wao waliukuta ujuzi huo vidoleni mwao, wakawa wanasuka wanawake masokoni, kwenye vibaraza na majumbani. Wateja hawakuhangaika kuwatafutia jina. Waliwaita wasusi, kwa kuwa wanasuka. Neno lilimpokea mwanamume bila kubadilika hata herufi moja.

Upande wa pili ni hivyohivyo. Wasichana wa shule nyingi za serikali Tanzania hutakiwa kuwa na nywele fupi, kwa hiyo wasichana wengi sana hukaa mbele ya kinyozi katika miaka yao ya shule. Wanawake watu wazima wanaopenda nywele fupi huenda kwake pia, na wanaume wenye rasta huenda kwa msusi. Kinachoamua mtu aende wapi ni tendo analolitaka. Jinsia imeingia zaidi kupitia jina la mahali. Saluni, lililotokana na salon la Kifaransa, yaani sebule ya kupokelea wageni, halisemi lolote kuhusu kinachofanyika ndani, na kwa sababu hiyo Watanzania wamelazimika kulikamilisha: saluni ya kiume, saluni ya kike. Tazama lilivyokwenda jambo hili. Jina lililotaja tendo halikuhitaji kumtaja mteja. Jina lililotaja chumba lilipoingia, likaja na mlango wa wanaume na mlango wa wanawake. Anayetaka kupunguza ubaguzi katika kazi hii kwa kuacha kitenzi na kuchukua jina la mahali atauongeza.

Kenya imefanya jambo la kuvutia kinyume na hilo. Huko kinyozi limehama kutoka kwa mtu likawa pia jina la duka lake, likaandikwa juu ya milango na kuchorwa kwenye mabati, na mtu husema anaenda kinyozi kama anavyosema anaenda soko. Baadhi ya walimu wa sarufi hukereka, wakitaka iwe kwa kinyozi. Mimi naona humo ushahidi wa nguvu ya neno: katika miji ambako Kiingereza kimetawala mabango ya biashara, kitenzi cha nyumbani kimejitwalia nafasi ya kibao. Kwa upande wa kusuka, Kenyatta Market jijini Nairobi imejulikana kwa wingi wa wasusi, ambapo watu wawili au watatu hugawana kichwa kimoja ili mteja asikae kutwa nzima. Kazi ya namna hiyo ina taratibu zake za nani ashike upande upi na mistari ikutane wapi, na jina la jumla lisilotofautisha kusuka na kunyoa haliwezi hata kuanza kuieleza.

Yapo malalamiko ya heshima, nayo hayapaswi kupuuzwa, kwa sababu wanaoyatoa mara nyingi ni wenye kazi wenyewe. Kijana aliyetumia fedha na miaka kujifunza hataki kuitwa kwa neno ambalo baba yake alilisikia likitumika kwa mzee mwenye wembe na kiti chini ya mwembe. Anaandika mlangoni maneno ya Kiingereza, na ninaelewa kwa nini. Watetezi wake hutoa mfano wa mfanyakazi wa nyumbani: jina la hausigeli limeachwa na wengi, mapambano ya haki yakaendelea hadi Mkataba namba 189 wa Shirika la Kazi Duniani wa mwaka 2011, na kubadili jina kulisaidia watu kuiona kazi. Mfano huo ni mzuri, na unaunga mkono upande wangu. Hausigeli lilitaja nyumba na usichana wa aliyemo. Kazi haikutajwa popote. Jina lililochukua nafasi yake lina neno mfanyakazi, yaani limeleta kazi mbele ya macho. Kinyozi na msusi hawajawahi kuificha kazi. Kinachowakosesha heshima wenye majina hayo ni malipo duni, kukosa mkataba, na kuajiriwa kwa kugawana mapato na mwenye kiti bila akiba wala bima, na hayo hayataondoka kwa kubadili kibao. Yanaweza hata kufichika zaidi nyuma ya jina jipya linalong'aa.

Hata hivyo fomu itabaki na kisanduku chake, na takwimu za ajira zina faida. Kwa haja hiyo tu, lugha ya watu tayari ina fundi wa nywele, na sioni sababu ya kulikwepa. Fundi ni neno la heshima ya ujuzi ambalo limezoea kushikana na kitu kinachotengenezwa: fundi saa, fundi bomba, fundi umeme. Mwanamitindo haliwezi kufanya kazi hii, kwa sababu limeshachukuliwa na wa mavazi na majukwaa ya maonyesho. Mpambaji naye ana mahali pake, hasa pwani, kwa anayemremba bibi harusi kuanzia hina hadi maua ya kichwani. Mtaalamu wa nywele lina kasoro nyingine: linapakana na daktari wa magonjwa ya ngozi ya kichwa, na mgonjwa hapaswi kuachwa abahatishe. Fundi wa nywele litumike basi kama kichwa cha safu katika jedwali, na chini yake majina ya vitenzi yaandikwe kwa ukamilifu. Nina wasiwasi na hali ambapo kichwa cha safu hushuka na kufuta safu zenyewe.

Wasiwasi huo unatokana na mambo ya mwilini. Hatari ya kinyozi ni ya damu. Ujumbe wa afya katika miaka ya UKIMWI ulimlenga kwa jina, kwamba wembe usitumike kwa vichwa viwili na mashine isafishwe kwa spiriti kati ya mteja na mteja, na ulieleweka mara moja kwa sababu jina lenyewe linaonyesha makali yanapogusa ngozi. Hatari ya msusi ni ya mvuto: nywele za panjani zikivutwa miaka kwa miaka, mizizi hudhoofika na upara huingia kutoka pembeni, na usipowahiwa haurudi nyuma. Onyo la kwanza halimfai wa pili, wala la pili halimfai wa kwanza. Lakini kuna mtu wa tatu katika saluni, anayetia dawa za kulainisha nywele, na baadhi ya dawa hizo zina sodiamu haidroksaidi, kemikali kali inayounguza ngozi ikicheleweshwa kuoshwa au ikipakwa kwenye kichwa kilichokunwa. Huyu lazima ajue dakika, ajue kiasi, na ajue kukataa kumhudumia mteja mwenye vidonda. Hapa ndipo hoja yangu inapokutana na pengo la kweli, maana Kiswahili hakijamtolea jina la kitenzi. Huitwa dada wa saluni, au fundi tu, na majina hayo hayasemi kwamba mikononi mwake kuna kitu kinachounguza. Sipendekezi kumuundia neno mezani. Kinyozi na msusi hawakuundwa hivyo. Wakati watu wanaendelea kulitafuta, vyeti vya vyuo vya ufundi vinaweza kuacha kuandika stadi moja ya utunzaji wa nywele na badala yake vitaje kila tendo alilopimwa mhitimu na kufaulu, kunyoa kwa wembe na kwa mashine, kusuka, kutia dawa na kuosha, ili mteja anayesoma karatasi hiyo ukutani ajue ni lipi kati ya hayo anaweza kumwachia kichwa chake.